Limehifadhiwa Hadi Misumari

Siku waliyokutana, msichana alikuwa haoni na mwanaume alikuwa hatazami.

Msichana alisimama katikati ya barabara ya wauza nguo, mbele ya Jumba la Wafumaji, amejifunga usoni miwani kubwa nyeusi ya kuonea mambo yasiyokuwepo, mfano wa kinga ya mchomelea vyuma. Alivaa ovaroli ya bluu iliyokatwa mikono, kitambaa cha njano kichwani, na viatu viwili vya rangi mbalimbali, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, jozi ni uzushi wa wenye maduka. Mikokoteni ilimkwepa, pikipiki zilimpigia honi, wapagazi walimtukania ukoo mzima, naye anageuza shingo taratibu kama kinyonga aliyekula akashiba.

Mwanaume alikuwa mkaguzi wa majengo ya kale wa baraza la jiji. Shati lake jeupe lilipigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Alikuwa anapima upana wa jumba na hakuwa na mtu wa kumshikia futi. Akainyoosha ncha yake kwenye mkono wa kwanza aliouona jirani, akasema, "Shika hapa, usitikisike," akaenda zake kona ya pili bila kuangalia amemshikisha nani.

Msichana alidhani ni waya wa mtambo wake umechomoka. Akaushika kwa nguvu.

Sasa, watu wa barabara ile wana tabia moja. Wakiona mstari umenyooka, wanajipanga. Mkaguzi alipomaliza kuandika vipimo vyake, kando ya futi palikuwa na foleni iliyofika hadi kwenye mlango wa benki. Wa mbele wanawauliza wa nyuma kinagawiwa nini, na mama mmoja alikwishauza nafasi yake mara mbili.

Msichana akavua miwani. Akaiona futi mkononi, akauona umati, akamwona mwanaume anarudi huku anaikunja.

"Samahani, kaka. Hii ni foleni ya nini?"

"Ya kukuona wewe, nadhani," alisema mkaguzi, na ulimi wake ulimshangaza mwenyewe.

"Basi rudi mwisho. Usiwaruke wenzio."

Akarudi kweli. Alijipanga nyuma ya watu wote, foleni ikasogea, ikachoka, ikatawanyika ikilaani serikali, hata akabaki yeye peke yake na shati lake. Akasogea mbele na kusema zamu yake imefika. Msichana alicheka mpaka kitambaa cha njano kikadondoka.

Tangu siku hiyo mtaa ukawapa majina. Yeye Miwani, mwenzake Futi.

Kazi ya Miwani ilikuwa ngumu kumweleza mwenye nyumba. Alikuwa msanii wa vyumba visivyoshikika. Alipiga picha kila ukuta wa jumba lile, kila boriti na kila ufa. Alinasa sauti ya kila mtambo wa kufumia, kisha akavijenga vyote upya ndani ya mashine. Ukivaa miwani yake unaingia jumbani enzi za ujana wake: safu kwa safu ya mitambo ya mbao inafanya kazi, vumbi la pamba linaelea kwenye mwanga, wafumaji wanatupiana maneno. Hata harufu ya rangi ya nyuzi ilikuwepo, maana alificha feni ndogo pembeni ikipuliza. Siku ya kwanza Futi kuvaa, aliinama kuikwepa boriti ambayo haipo, akajigonga kwenye ile iliyopo.

Vifaa vyote vilikuwa masazo: simu zilizokufa, maturubai, feni za kompyuta zilizotupwa, umeme wa sola kutoka kwenye bati la uani. Na kazi yenyewe hakuipeleka kwenye yale maghala ya mbali ambayo makampuni hutunzia mambo ya watu. Alisema maghala yale yanakunywa umeme na maji kama tembo wagonjwa. Kila kitu kilikaa kwenye diski moja, na diski ilikaa kwenye kopo la biskuti. Futi alimtania kwamba urithi wa watu wote unalala na makombo.

Jumba lenyewe halikuwa limekufa. Ukumbi wa mbele wafumaji wazee walikuwa bado wanafuma, na mkubwa wao alikuwa Shangazi, aliyemlea Miwani chini ya mtambo kama paka. Mume wa Shangazi alifariki kazi ya Miwani ikiwa nusu, lakini sauti yake ilikwishanaswa: anahesabu nyuzi, anakohoa, anagombana na uzi uliokatika. Mchana, vidole vikimuuma, Shangazi alikuwa anaingia chumba cha nyuma na kusema, "Nipe hiyo miwani nikamwone yule mzee wangu." Akikaa nayo, wengine ukumbini wanamsikia anafoka peke yake: acha uongo wewe, hesabu vizuri.

Mapenzi ya Miwani na Futi yalikwenda mbio, na sehemu kubwa yalikwenda kwa simu.

"Uko wapi, wangu?"

"Juu ya ngazi, napima paa la watu."

"Shuka kwanza ndiyo nikwambie nakupenda. Usije ukaanguka."

"Mimi nilishaanguka siku ya foleni, mama. Sema tu."

Alisema. Mafundi waliokuwa chini ya ngazi walisikia wote, wakamwita shemeji tangu siku hiyo.

Basi asubuhi moja Futi aliitwa ofisini kwa Mwenyekiti wa kamati ya majengo. Alimkuta na mgeni, tajiri mmoja ambaye mjini walimwita Bwana Vioo kwa sababu kila alichojenga kiling'aa na hakuna kilichofunguka dirisha. Alikitaka kiwanja cha Jumba la Wafumaji asimamishe ghorofa aliloliita la kijani. Ukijani wake ulikuwa vyungu vya maua kwenye baraza.

Sheria ya jiji ilimzuia. Ilisema jengo la kale lisibomolewe kabla ya kuhifadhiwa. Walioiandika, Mungu awarehemu, walimaanisha lisibomolewe. Lakini sheria ikikaa muda mrefu bila kusomwa na wenye nia njema, husomwa na wengine. Mwanasheria wa Bwana Vioo aliisoma hivi: likishahifadhiwa, ruksa. Ni kama kusema mtu asichinjwe kabla hajapigwa picha.

Futi hakuyajua hayo. Mwenyekiti alimuuliza kijuujuu tu, eti lile jumba limekwishahifadhiwa? Na Futi, kwa kiburi cha mtu anayependa, akaona hapa ndipo pa kumsifia mpenzi wake. Akatoa simu, akawatumia picha moja ya ukumbi aliyopewa na Miwani, akaweka spika, akaiweka mezani.

"Kipenzi, jumba limehifadhiwa?"

Upande wa pili Miwani alikuwa amemaliza kazi dakika ile ile. Alikuwa amebonyeza kitufe, na mashine ikamwandikia lile neno ambalo mashine huandika: imehifadhiwa. Furaha ikamtoka kwa sauti.

"Limehifadhiwa lote, hadi misumari. Hata likianguka leo, mimi nalala usingizi."

Bwana Vioo akatabasamu. Mwenyekiti akamwambia karani aandike kama ilivyosemwa. Ndipo Futi alipotambua neno limekwenda kombo. Akafungua mdomo. Mwenyekiti akamshika bega, akasema huyu ndiye kijana wa kutumainiwa. Futi akaufunga mdomo.

Akakaa nalo. Alijidanganya kwamba karatasi za baraza zina mwendo wa konokono mwenye mimba, kwamba atapata wasaa wa kulisahihisha. Jioni zile alipompigia Miwani alimuuliza amekula nini, na alicheka kuliko kawaida.

Miwani alifika kazini siku moja akakuta jumba limezungushiwa uzio wa mabati. Juu ya uzio, bango kubwa kuliko paa. Na picha kwenye bango ilikuwa yake: ule ukumbi wa ndani ya mashine, mwanga wake, vumbi lake la pamba, kila punje aliyoipanga kwa mkono. Chini yake maneno ya kijani: URITHI WETU UMEHIFADHIWA. KARIBUNI KESHO YA KIJANI.

Nje ya uzio vibarua walikuwa wanarundika mitambo ya kufumia. Mbao zilizoshikwa na vizazi vya watu mpaka zikalainika kama ngozi zilikuwa zimeandikwa kwa chaki: kuni. Watu waliotaka kumfundisha kutunza mazingira walikuwa tayari kuchoma mbao ngumu ili walete vioo kwa meli.

Alimtukana kibarua, akalitukana bango, akamtukania mama mchoraji wa bango, akaingia ndani kwa nguvu. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mtambo wake, mmoja uliobaki ukumbini. Aliwaambia vibarua kwamba nyuzi zake za mtande, zile zinazotandikwa kabla ya kufuma, bado ziko juu na mtu haondoki nyuzi zikiwa juu. Anayetaka kumbeba ambebe na mbao zake. Walimzunguka mara mbili, wakaenda kumwita msimamizi, naye msimamizi alipoangaliwa na Shangazi akakumbuka ana simu ya kupiga.

Miwani akapiga ya kwake.

"Nani kaambiwa jumba limehifadhiwa?"

"Kipenzi, siku ile nilipokupigia..."

"Kulikuwa na watu wanasikiliza?"

Futi akamuuliza amekula nini.

"Nijibu. Uliweka spika?"

"Niliweka."

"Mimi nasema nimehifadhi faili, wewe unaacha waandike nimehifadhi nyumba? Hata mtoto wa chekechea anajua picha ya chakula haishibishi."

"Nilijua neno limekwenda kombo. Nililijua pale pale."

"Ukafanyaje?"

"Nilinyamaza."

"Basi endelea," alisema Miwani, akakata, akaifuta namba.

Hasira yake ilikuwa na ncha mbili, ndiyo maana haikumpa nafasi ya kukaa. Moja ilikuwa kwao. Nyingine ilikuwa kwake mwenyewe, kwa ile furaha ya kijinga, kwa "mimi nalala usingizi". Alikuwa ameshona nguo nzuri kuliko zote za maisha yake, na watu wameichukua wakaifanya sanda ya mtu aliye hai.

Futi alikuja mwenyewe siku ya tatu. Shati halikuwa na pasi. Miwani alimwacha asimame upande wa pili wa geti la uzio, akamsikiliza kupitia pengo kama mtu anayesikiliza muuza dawa za mende.

Alieleza kwamba alikwenda kwa Mwenyekiti kulikana lile neno, akajibiwa kuwa neno lililoandikwa halifutwi kwa ulimi. Lakini sheria ile ile ilikuwa na kifungu cha pili. Kabla tingatinga halijagusa ukuta, kamati lazima iuone uhifadhi kwa macho yake, mbele ya mkaguzi, na mkaguzi atie saini. Siku ya kuuona ilipangwa Ijumaa. Bwana Vioo alikwishaigeuza sherehe, na mwaliko wa Miwani kuja kuwavisha wageni miwani ulikuwa njiani.

"Wakiona, wanataka saini yangu. Nikikataa watamleta mkaguzi mwingine, ataona naye, atasaini. Lakini kama hakuna cha kuona..."

Miwani alielewa kabla hajamaliza.

"Unataka niue kazi yangu."

"Sitaki. Nakuonyesha mlango ulipo."

"Sauti ya mzee iko mle."

"Najua."

"Hujui. Wewe umepoteza neno moja. Mimi unaniambia nimpoteze mtu." Akalishika bati la geti. "Na wewe Ijumaa utafanya nini? Utashika futi?"

"Nitasema nilichotakiwa kusema siku ile."

"Tutaona," alisema Miwani, akaziba pengo kwa bati.

Alizunguka jumba zima kabla hajathubutu kumweleza Shangazi. Alimweleza yote, pamoja na kwamba nakala ni moja, na ikifutwa hakuna fundi wa kuirudisha. Shangazi alisimamisha mtambo. Aliomba miwani, akaivaa, akakaa. Safari hii ukumbini hakusikika akifoka. Alipovua, mashavu yalikuwa na maji na uso umekunjamana kwa ghadhabu.

"Unajua anafanya nini mle?"

"Anahesabu nyuzi, Shangazi."

"Anahesabu, anakohoa, anahesabu tena. Namwambia wanataka kuubomoa ukumbi wako, yeye anahesabu. Namwambia nimechoka, anahesabu. Mume wangu mimi alikuwa anajibu. Hata pale alipokuwa hana jibu, alijibu." Akajifuta na upindo wa nguo. "Hizi nyuzi zilizoko juu alizitandika yeye, na nusu ya kitambaa hiki kafuma yeye. Hiki ndicho wanachokiita kuni. Futa."

"Haitarudi, Shangazi."

"Kwani yeye anarudi? Futa upesi kabla sijageuka. Mimi si malaika."

Mashine ilimuuliza Miwani kama ana uhakika. Hakuwa nao. Alibonyeza.

Ijumaa wageni walikuja kwa wingi. Palikuwa na hema, viti vilivyovalishwa vitambaa, na utepe wa kijani wa kukatwa. Bwana Vioo alivaa suti ya rangi ya majani mabichi iliyombana kiasi kwamba alikuwa anapumua kwa zamu, pumzi moja ya tumbo, moja ya kifua. Tingatinga lilikuwa limesimama nyuma, limefungwa puto. Nje ya uzio, mtaa wote ulikuwa umepanda juu ya mikokoteni kuchungulia.

Miwani alikuja na ovaroli yake ile ile. Alimvisha Mwenyekiti miwani kwa adabu zote, akamfunga mkanda nyuma ya kichwa, akarudi nyuma.

Mwenyekiti alinyoosha mikono mbele kama mtu anayetafuta swichi.

"Binti, sioni kitu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ni giza tupu."

"Ndivyo lilivyo. Halijahifadhiwa."

Bwana Vioo alimnyang'anya Mwenyekiti miwani, akajaribu mwenyewe, akaitikisa kama redio ya betri. Akauliza nakala nyingine iko wapi. Miwani alimjibu kwamba nakala ilikuwa moja tu, na nyingine zingekula umeme bure.

"Si mnajenga la kijani, mzee? Nami nimetunza mazingira."

Nje ya uzio watu walicheka mpaka mkokoteni mmoja ukaanguka na abiria wake. Bwana Vioo akageuka mwekundu juu ya ukijani, akasema haya ni mambo ya kihuni, simu ya msichana huyu ilisikika na kila mtu ofisini, kwamba jumba limehifadhiwa hadi misumari. Akamgeukia mkaguzi amthibitishie.

Futi alisimama. 

"Alisema hivyo. Alikuwa anazungumza habari ya faili kwenye mashine. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa amenishika bega na mimi nikapenda kushikwa bega." Akamgeukia Mwenyekiti. "Mwenyekiti naye alijua. Leo nimekagua mbele yenu wote. Jumba halijahifadhiwa. Sitii saini."

"Unajua unachosema, kijana?" aliuliza Mwenyekiti, polepole.

"Leo najua."

Kulikuwa na waandishi wa habari, walioitwa na Bwana Vioo mwenyewe kwa ajili ya utepe. Waliandika jambo lingine. Mtaa ulipiga vigelegele, na kabla jua halijashuka uzio wote ulikuwa umeondoka bila ya mtu kuonekana akiuondoa, ila wapita njia walihesabu mabanda mengi ya kuku yenye mabati mapya. Baraza, kwa aibu na kwa kelele za magazeti, likaiandika ile sheria upya kwa maneno mafupi: jumba lisiguswe. Mitambo ikarudishwa ndani, chaki ikasuguliwa.

Na Futi akahamishiwa idara ya mitaro ya majitaka.

Miwani hakumpigia. Watu walidhani atafurahi, wakamletea pongezi, naye akawapokea kwa uso wa mtu aliyeumwa jino. Alikuwa na hasira na Mwenyekiti, ambaye alikuwa bado kwenye kiti chake. Alikuwa na hasira na Bwana Vioo, ambaye alikwishapata kiwanja kingine na kuagiza vyungu zaidi. Alikuwa na hasira kwamba ili nyumba iliyokuwa imesimama iendelee kusimama, ilibidi yeye ndiye abomoe ya kwake. Mara nyingine aliivaa miwani, akakaa kwenye giza lake. Kisha akarudi kuning'iniza turubai, akaanza kupiga picha boriti ya kwanza.

Futi alikuja mchana mmoja, saa za kazi, amevaa mabuti ya mpira hadi magotini. Harufu ilitangulia kuingia. Wafumaji walisimamisha mitambo kwa heshima ya pua zao. Miwani alikuwa ukumbini, amesimama na kamera mbele ya dirisha, karibu na mtambo wa Shangazi.

"Namba yangu umeifuta," alisema Futi.

"Nimeifuta."

"Ndiyo nimekuja kwa miguu. Nataka tuoane."

Miwani alimtazama kuanzia mabuti, akapanda taratibu mpaka usoni, akarudi kwenye mabuti.

"Bado nina hasira na wewe."

"Sijakuomba uziache. Njoo nazo."

"Ni nyingi."

"Nina chumba na sebule."

Mfumaji mmoja alikohoa kuzuia kicheko. Miwani hakucheka. Aliiweka kamera chini.

"Siku watakayokushika bega tena? Ukinyamaza tena, je?"

Futi hakujibu haraka, na hilo lilimpendeza Miwani kuliko jibu lolote ambalo lingetoka upesi.

"Nitaogopa tena," alisema mwishowe. "Hilo siwezi kukudanganya. Lakini nimeonja kunyamaza na nimeonja mitaro. Afadhali harufu ya mitaro."

Miwani aliigusa kamera, akaiacha. Shangazi, ambaye alikuwa anangojea kwa subira ambayo hakuumbwa nayo, aligonga ubao wa mtambo kwa kidole.

"Mwanangu, mjibu mwenzio au sogea. Unanizibia mwanga."

Miwani akasogea. Alisogea hatua moja, upande wa mabuti, harufu na yote, akabaki hapo.